Bi Nadra binti Seif, Mkunga Pekee kwenye Bodi ya Chuo

Huu ni wasifu wa dada yangu, Bi Nadra binti Seif bin Hamdun, aliyefariki Jumatano tarehe 5 Novemba 2025 na kuzikwa siku ileile baada ya sala ya Alasiri katika makaburi ya Amerat. Pale kaburini hatukusoma kitu, kwa kuwa hapa Maskati si ada kumsimulia maiti mbele ya shimo. Unasomwa leo Ijumaa, siku ya tatu ya azaa, kwenye sabla, ukumbi wa mtaa, mlipokuja kutupa pole, na nyumbani kwa upande wa kina mama unasomwa na binti yake Asila. Umechapwa pia nyuma ya Yasin mliyopewa mlangoni. Mwandishi ni mimi Jaifar, mdogo wake. Sina ufundi wa kalamu. Nimeuza vipuri vya magari Wadi Kabir umri wangu wote, na kazi ile haikufundishi maneno matamu. Atakayekerwa na atakayoyasikia anisamehe au asinisamehe, lakini akae mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 9 Mei 1951. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Seif bin Hamdun, karani wa mahakama ya kadhi, na Bi Zuwena binti Abdalla, Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Tulizaliwa watatu: yeye, kaka yetu marehemu Shihab, na mimi. Alipenda kuwaambia watu kwamba siku niliyozaliwa mimi yeye ndiye aliyemshikia mkunga taa, na kwamba kazi yake ilianzia hapo. Mama alikuwa akikataa. Alisema Nadra usiku ule alikuwa amelazwa kwa jirani, akikoroma. Lakini dada yangu alikisimulia kisa kile kwa uhakika, hata na mimi mwenyewe niliyezaliwa nikaanza kuikumbuka taa.

Kurani na skuli ya msingi alisomea hapohapo Wete. Mwaka 1964 mambo yaligeuka, baba akakosa kazi, na miaka mitatu baadaye tukahamia Dar es Salaam kwa mjomba wetu, Kariakoo. Wengi mliomo humu mna hadithi kama hiyo, sina haja ya kuirefusha. Dar es Salaam alimaliza sekondari. Baba alitaka asomee uhazili, kazi ya heshima, ya kukaa kitini. Nadra akamjibu, "Baba, mie nikikaa ntalala." Mwaka 1970 akaingia chuo cha wauguzi, na mwaka 1974 akatoka na vyeti viwili, cha uuguzi na cha ukunga. Kusema kweli hakuwa mtu mpole. Wenziwe darasani walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkuu wa chuo, na wali aliotupikia likizo ulikuwa nusu bokoboko. Hakuna aliyethubutu kumwambia ila mimi, na nilichopata nakijua.

Januari 1975 tulirudi Oman, kama tulivyozoea kusema, ingawa katika sisi watatu hakuna aliyewahi kuiona. Akaajiriwa hospitali ya serikali Matrah, na mwaka uliofuata akapelekwa Qurayyat. Wakati huo njia ya Qurayyat ilikuwa ya mawe, na bonde la wadi likishusha maji mtu hukaa upande aliopo mpaka yaishe. Kiarabu chake cha kwanza kilikuwa cha chumba cha kuzalia: sukuma, pumua, bado kidogo. Alipokwenda sokoni kununua samaki akawa na maneno hayohayo, na wavuvi wakamcheka mpaka wakamzoea.

Ni huko Qurayyat alikojifunza ada moja ambayo itabidi niieleze, maana ndiyo iliyokuja kuyageuza maisha yake. Siku moja alifikiwa nyumbani na bwana mmoja wa kijiji cha mlimani. Akamkaribisha, akammiminia kahawa. Yule bwana akaishika finjani, akaiweka chini, hakuionja. Dada yangu Mpemba, akadhani kahawa imepoa, akamwaga, akamimina nyingine ya moto. Ikawekwa chini. Akadhani iliki haitoshi, akaingia jikoni akapika upya. Ikawekwa chini. Alishaanza kukasirika, maana kwetu mgeni akikataa kahawa yako amekutukana, ndipo jirani yake mmoja, mama wa Qurayyat, akamnong'oneza, "Mgeni akija na haja hanywi mpaka umkubalie. Akishakunywa, umeahidi." Haja ya yule bwana ilikuwa mkewe, aliyeshikwa na uchungu mlimani na mtoto amekaa vibaya. Nadra akasema, "Nshakubali, kunywa." Bwana akanywa palepale, akaomba na ya pili, wakapanda mlima. Mama na mtoto walitoka salama. Tangu siku ile aliiheshimu finjani kuliko watu waliozaliwa nayo.

Mwaka 1979 aliolewa na Bwana Yassin bin Mahfudh, fundi wa idara ya simu, ambaye kwao ni Unguja, Malindi. Yassin alikuwa mtu mtaratibu sana, na sijui mpaka leo walionana nini. Kwa kazi yake aliweza kuingiza simu nyumbani kwao Qurayyat kabla ya majirani, na tangu siku hiyo wazazi wa pwani nzima wakawa wanapiga hapo, wanawake wenye mimba na waume zao na mama wakwe. Yassin ndiye aliyekuwa akipokea. Alikuwa akisema aliposa mke akaozwa kituo cha simu. Walijaaliwa watoto wawili, Loai na Asila. Yassin alifariki mwaka 2014, na dada yangu hakuvua eda ya moyo, ingawa hakupenda watu walione hilo.

Kati ya mwaka 1986 na 1988 serikali ilimpeleka Amman kusomea ualimu wa ukunga. Aliporudi akafundisha hapa Maskati mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wakunga aliowafundisha wametapakaa nchi nzima, na baadhi yao wako nyumbani leo pamoja na kina mama. Lakini jambo alilolihesabu kuwa ndilo kazi yake hasa ni tawi la ukunga la Qurayyat, lililofunguliwa mwaka 2009 baada ya yeye kulipigania miaka mingi, wizara hadi wizara. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Kule kuna wasichana wenye akili ambao baba zao hawatakubali wakalale bweni Maskati. Wakiwa na tawi karibu, asubuhi wanakwenda, jioni wanarudi kwao. Wakikosa tawi, wanaolewa, na wake wa mlimani wanaendelea kuzaa bila mkunga. Hakuna zaidi ya hapo.

Mwaka 2017 aliteuliwa mjumbe wa bodi ya chuo cha serikali ambacho tawi lile lilikuwa chini yake. Sote tulifurahi. Kwa adabu ya msiba chuo sitakitaja, na wajumbe wenziwe nitawataja kwa kazi zao tu, majina nawahifadhia. Tena ndivyo inavyostahili, kwa kuwa kazi zao ndizo zilizowapeleka pale. Amri iliyounda bodi ilitaka watu wa taaluma mbalimbali, ili chuo kitazamwe kwa macho mengi. Macho yenyewe ni haya. Mwenyekiti ni mtu wa benki, mtaalamu wa mikopo. Makamu wake ni mhandisi wa visima vya mafuta. Akafuata mhandisi wa barabara, na mwanasheria wa makampuni, na mkuu mstaafu wa forodha, na mwenye mahoteli ya ufukweni, na mtu wa makampuni ya simu, na daktari wa ngozi mwenye zahanati yake mwenyewe. Wa tisa ni Bi Nadra. Watu tisa wa kuendesha chuo, na aliyewahi kusimama mbele ya darasa akashika chaki ni mmoja.

Sisemi kazi za watu ni mbaya. Barabara tunapita, benki tunakwenda, na daktari yule aliwahi kunitibu mkono ukapona. Nasema tu kwamba ukiwaweka watu wanane wasiojua kusuka mbele ya ukili, watakupa maoni manane juu ya ukili. Kilipotolewa kijitabu cha chuo chenye picha za wajumbe, chini ya picha ya dada yangu waliandika "mtaalamu wa sekta ya afya". Akampigia simu karani wa bodi. "Mwanangu, futa hiyo. Andika mkunga. Huyo mtaalamu wa sekta ndo nani?" Karani akamweleza kwa upole kwamba wajumbe wengine wanaona neno mkunga halilingani na meza ile. Akamwambia, "Waambie kila mmoja wao kashikwa na mkunga kabla hajashikwa na mtu yeyote. Andika." Likaandikwa.

Mwaka 2021 ikaletwa hoja ya kulifunga tawi la Qurayyat. Alikuwa akirudi kutoka vikaoni akinisimulia, na ndipo nilipofahamu kwamba mtu hatoki nje ya kazi yake hata akikalia kiti cha dhahabu. Mtu wa benki aliliona tawi kama mkopo usiolipika. Mhandisi wa barabara akasema barabara mpya imeileta Qurayyat karibu, kwa nini wasichana wasipande gari. Mwenye mahoteli akauliza kama jengo lina upande unaotazama bahari. Mwanasheria akauliza kama kuna kifungu kinachowalazimisha kuwa na tawi. Mkuu wa forodha akataka kujua wanaoingia ni wangapi na wanaotoka ni wangapi. Daktari wa ngozi, ambaye ndiye pekee angeweza kumsaidia, alikaa kimya kikao chote akitazama kucha zake. Dada yangu alisema habari za baba wasioruhusu bweni. Mhandisi wa visima akamjibu kwamba hiyo ni mila, na bodi haipangi bajeti kwa mila. Basi akaandika pingamizi rasmi, na kwa kanuni zao pingamizi likiwepo, jambo lazima lipande wizarani likaangaliwe upya. Wizarani alikuwa na wanafunzi wake wa zamani. Wale wanane walilijua hilo.

Yaliyofuata nayaeleza kama alivyonieleza jioni ile ile, na karani aliyekuwepo amenithibitishia wiki hii. Katika kikao cha Oktoba, kabla ya kupiga kura, wakapumzika, ikapitishwa halwa na kahawa. Dada yangu akapokea finjani, akaiweka mezani mbele ya Mwenyekiti, hakuionja. Mtu wa simu akamuuliza kama amefunga. Mwenyekiti hakuuliza. Yeye kwao ni Sharqiya, na babu yake alirudi kutoka Unguja, kwa hiyo Kiswahili anakijua kama mimi na ada ya finjani anaijua kunishinda.

Akamwita khalati, kama mtu amwitavyo mama yake mdogo: "Unataka nini, khalati Nadra?"

"Nnataka tawi la Qurayyat libaki."

"Basi ondoa pingamizi, tusipelekane wizarani na makaratasi. Tawi litabaki. Kunywa."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya watu hawa. Kunywa, inapoa."

Akanywa. Mwanasheria akaandika: mjumbe ameondoa pingamizi lake. Hakuandika kingine.

Hapo dada yangu alikosea, na nalisema kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema mpaka anakufa. Kazi yake ilimlemaza kama kazi zao zilivyowalemaza wao. Mkunga anafanya kazi kwa neno. Anamwambia mzazi subiri, mzazi anasubiri, na aliyesema hamwachi mkono. Miaka arobaini na ushei alifanya hivyo na watu wa Qurayyat, hawakumvunjia neno, hakuwavunjia. Akaipeleka finjani ya Qurayyat kwenye meza ya mtu wa mikopo, ambaye kwake yeye neno lisilo na sahihi ni upepo.

Novemba alilazwa kutolewa mawe kwenye figo. Akiwa hospitali, hoja ya kufunga ikapitishwa bila kikao. Wajumbe walitumiwa ujumbe kwenye simu zao, wakaambiwa asiyejibu amekubali. Utaratibu huo aliuleta mtu wa makampuni ya simu, na walimsifu kwa kurahisisha kazi. Simu ya dada yangu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko kwangu. Hakujibu. Wiki iliyofuata ikatoka gazetini kwamba bodi ya chuo, kwa kauli moja, imeamua kulifunga tawi la Qurayyat ili kuinua ubora wa elimu.

Alipopata nguvu ya kutembea nilimpeleka ofisini kwa Mwenyekiti. Nilikaa kiti cha ukutani, nikasikia yote kwa masikio yangu. Mwenyekiti alimpokea vizuri, akamuuliza hali, akamwombea afya.

"Khalati, hali zilibadilika," akasema. "Hesabu zimetoka vingine."

"Ulinambia ninywe."

"Kahawa haimo kwenye muhtasari wa kikao, Bi Nadra."

Dada yangu akasema, "Mie nlidhani nnazungumza na mwana wa watu. Kumbe nnazungumza na muhtasari." Akainuka. Mwenyekiti akapokea simu iliyokuwa haijalia.

Nilimwambia ajiuzulu. Akakataa, akasema akiondoka atabaki nani. Muda wake ulipokwisha mwaka 2022, kiti cha watu wa afya kilipewa mtu wa bima. Wanasema naye ni mtu wa afya, kwa kuwa bima anayouza ni ya matibabu.

Lililomuumiza si bodi. Bodi alishaizika. Kilichomuumiza ni Qurayyat, maana watu wa kule wanasoma gazeti kama sisi. Mwaka ule ule tulialikwa harusi huko. Mama mmoja, ambaye watoto wake wote walipitia mikononi mwa Nadra, alimpa mgongo mbele ya wageni. Dada yangu akamfuata. Yule mama akamwambia kwa Kiarabu, "Wewe ndiye uliyetufungia." Akamjibu, "Sikufunga mie." Yule mama akasema, "Gazetini wameandika nyote." Hakukaa kula. Nilimkuta kwenye gari, ameufunga mlango, na joto lile. Aliniambia, "Hawakukosea, Jaifar. Gazetini tumo sote." Qurayyat hakwenda tena. Watu walimwita kwenye harusi na matanga, akatoa udhuru. Mwanamke aliyeipanda ile milima usiku na mchana akawa anaogopa kuonekana sokoni pale.

Tawi lilipofungwa wasichana walikuwa katikati ya masomo. Chuo kiliwapa vyumba vya bweni hapa Maskati na kikajisifu kwa kuwapa. Wengi baba zao walikataa, kama alivyowaambia. Dada yangu akatuma habari kwamba nyumba yake ya Amerat iko wazi, asiyetaka bweni aje alale kwake. Walikuja watatu. Wawili walichukuliwa na baba zao kabla mwaka haujaisha, maneno ya kule yalipozidi kwamba mnawaachaje kwa mtu aliyewafungia. Akabaki mmoja, Rawya. Baba yake alikuja mwenyewe, akakagua chumba, akakagua mlango, akakaa barazani. Akasema, "Namwacha kwako wewe. Si kwa chuo." Rawya alimaliza mwaka 2023. Leo ni mkunga. Nawaomba msije mkaniambia kwamba basi heri ilipatikana. Mmoja si tawi.

Ugonjwa wa figo ulimrudia kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2022. Kuanzia mwaka uliofuata akawa anakwenda kusafishwa damu kwa mashine, siku hadi siku, na kurudi amechoka hawezi kushika kijiko. Aliyemhudumia ni Cissy, binti wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi kwake tangu Yassin alipokufa. Wote wawili walikuwa wakali, na nyumba ilikuwa na kelele za mapenzi. Cissy alimpikia uji, akamkatalia chumvi, akamficha achari. Alipomkuta amekaa kimya anatazama ukuta alikuwa akimwambia, "Mama, kula kidogo. Hiyo watu ya meeting, khalas, wachana nao." Dada yangu alimjibu siku moja, nikiwepo, "Wao wanaachana na mie kila siku, Cissy. Mie ndo siwezi." Alikuwa mgonjwa mbaya, mwenye hasira, na hasira ile ilikuwa na sababu. Sitaisafisha hapa ili ipendeze.

Mwezi wa mwisho nilimwambia nitaandika gazetini, nieleze yote, nimsafishie jina. Akanikataza. "Usinisafishie jina wewe. Wewe ndugu yangu, nani atakuamini? Waseme wao." Jumatano saa nne asubuhi, hospitalini, mbele ya Loai na Asila na Cissy, alitamka shahada na akatutoka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Siku ya kwanza ya azaa karani wa bodi alituletea barua ya rambirambi. Nimeisoma zaidi ya mara moja ili nisiwasingizie. Inasema kwamba Bi Nadra "alishirikiana na wenziwe katika maamuzi yote ya bodi kwa kauli moja", na kwamba kwa kumuenzi, bodi imeamua kuupa ukumbi wake wa vikao jina lake. Kwa hiyo jina la dada yangu litabandikwa juu ya mlango ule ule, na wao watakuwa wanapita chini yake wakienda kupitisha mambo. Karani masikini alikuwa ametumwa tu. Nilimpa maji, nikamrudishia barua yake.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Loai, na binti, Asila, na wajukuu watano. Ameacha mimi mdogo wake, na watoto wa marehemu kaka Shihab walioko Zanzibar na Dubai. Ameacha Cissy, ambaye hapa tunamhesabu katika wafiwa na tunaomba apewe pole kama wafiwa. Ameacha Rawya. Ameacha wakunga wengi kuliko ninaoweza kuwataja, na watu wazima wa Qurayyat ambao mikono ya kwanza kuwashika duniani ilikuwa yake, na ambao juzi hawakuja kumzika.

Katika misiba yetu hutolewa tangazo, nami nalitoa. Anayemdai marehemu chochote, aje kwa Loai au kwangu, tutalipa. Mpaka sasa hajatokea mtu. Lakini tangazo hilo lina upande wa pili ambao watu huusahau: maiti naye huweza kuwa anadai, na madai yake yana warithi. Ahadi ni deni. Dada yangu amekufa anadai, na mdaiwa wake amekaa humu ndani, amekuja kwa heshima zake, na ninamshukuru kwa kuja.

Bwana Mwenyekiti, ukumbi hatuutaki. Deni lako halilipwi kwa kibao mlangoni. Linalipwa Qurayyat, siku ya Ijumaa, mbele ya watu wakitoka msikitini, kwa ulimi wako mwenyewe. Uwaambie kwamba Bi Nadra alikataa. Uwaambie kwamba ulimwahidi, na kwamba ulivunja. Wenzako saba, yeyote kati yao akikutangulia kwa kusema hivyo, naye atakuwa amejivua.

Tangu juzi tumeombwa na wazee wenye heshima zao tusamehe, kwa kuwa ni msiba, na aliyekufa harudi. Tumewasikiliza. Jana mimi, Loai na Asila tulikaa tukalizungumza, na hatukukhitalifiana. Hatujasamehe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Nadra binti Seif, alikunjue kaburi lake, aikubali kazi ya mikono yake. Yeye sasa apumzike. Kudai tutadai sisi.